Sura ya Tano: Ukali Unataka Benchi

Emmanuel Amunike alipokabidhiwa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, Agosti 2018, hakuja Dar es Salaam kujitafutia jina. Jina alikuwa nalo. Mwaka 1994 alifunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Zambia, mwaka huohuo akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika, na baadaye akaichezea Barcelona. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandaa kikosi cha kwenda Kampala kuivaa Uganda, kuwania tiketi ya AFCON 2019. Akataja majina, akataja na siku ya kuripoti kambini. Siku ikafika. Wengine wakaingia, lakini kundi la wachezaji wa Simba, wakiwamo John Bocco na Erasto Nyoni, halikuonekana kwa wakati. Amunike akawafuta kikosini na kuita wengine.

Vijiwe vikachemka. Wapo waliosema mgeni huyu haijui Simba ni nini katika nchi hii; wapo waliosema hatimaye tumepata mwalimu. Stars wakatoka sare ya 0-0 Kampala, wakaenda wakipanda na kushuka hadi 24 Machi 2019, walipoichapa Uganda 3-0 kwenye Uwanja wa Taifa na kurudi AFCON baada ya miaka 39. Bao la pili siku ile lilikuwa la penalti, na mpigaji alikuwa Erasto Nyoni, mmoja wa wale waliotemwa Agosti.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba nidhamu inalipa na kwamba mchezaji wa Kitanzania huelewa akikutana na mtu asiyecheka naye. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini kuna jambo ambalo wasimuliaji hulipita haraka: Amunike alikuwa anachagua kutoka nchi nzima. Alipomwacha beki mmoja, kulikuwa na beki mwingine Azam, mwingine Mtibwa, mwingine anacheza nje. Adhabu yake ilikuwa na mtu wa kuibeba.

Sasa ichukueni adhabu hiyohiyo muipeleke Runazi.

Runazi iko katika ukanda wa Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, pande zile ambako malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana kuelekea Rusumo na Kabanga. Timu za huko ni za kata, za kijiji na za shule. Kocha mara nyingi ni mwalimu wa msingi aliyepewa michezo juu ya vipindi vyake vya Hisabati, au mchezaji wa zamani ambaye asubuhi anaendesha bodaboda. Halipwi. Wachezaji alionao ni kumi na wanne au kumi na watano wakati wa kiangazi. Mvua za Septemba zikianza na watu wakashika majembe, wanaofika mazoezini saa kumi alasiri wanaweza wasitimie kumi. Mpira ni mmoja. Alama za mazoezi ni mawe na ndala. Golikipa ni mmoja pia, na leo kachelewa kwa sababu alikuwa anapakia mahindi ya mtu.

Kocha afanyeje? Akimtema kama Amunike alivyomtema Bocco, Jumamosi langoni atakaa nani? Na yule golikipa akikasirika, hana mkataba unaomfunga. Kesho yake atavaa jezi ya kijiji cha pili, na siku ya fainali ya kugombea mbuzi atasimama lango la upande wa pili akidaka mashuti ya waliomfukuza. Kwa hiyo kocha anamwita pembeni, anamuuliza habari za nyumbani, anamwambia "mdogo wangu, wenzako wamekusubiri," na anampa raundi tatu za kukimbia, ambazo anazikimbia akicheka. Mtu aliyezoea kuangalia ligi za Ulaya kwenye kibanda cha video atasema huyo ni kocha laini. Ukweli ni kwamba ametumia ukali wote alionao.

Hoja ya sura hii ndiyo hiyo. Tunapowagawa makocha katika wakali na wapole, kama tunavyopenda kufanya, huwa tunaeleza tabia ya mtu na kusahau kuangalia nyuma yake kuna nini: wachezaji wa akiba wangapi, fedha kiasi gani, na mwajiri mwenye subira ya namna gani.

Wanazuoni walianza na tabia pia. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Myahudi aliyeihama Ujerumani ya Hitler na kuhamia Marekani, alishirikiana na Ronald Lippitt na Ralph White kuchapisha utafiti uliofanyika Iowa juu ya vilabu vya watoto wa kiume wa miaka kumi hivi waliokuwa wakitengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kiongozi wa aina ya kwanza aliamuru kila kitu, wa pili alijadiliana na watoto, wa tatu aliwaacha wafanye watakavyo. Matokeo yanayonukuliwa zaidi ni kwamba watoto wa kiongozi wa amri walifanya kazi vizuri akiwapo. Akitoka chumbani, kazi inalala. Wale wa majadiliano waliendelea hata alipoondoka. Kocha yeyote wa shule aliyewahi kuitwa ofisini katikati ya mazoezi na kurudi akakuta watu wamekaa chini ya mwembe hahitaji kwenda Iowa kuyaamini hayo.

Miaka arobaini baadaye Packianathan Chelladurai, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Kanada na Marekani, aliongeza jambo ambalo kwa mtazamo wangu ndilo la maana zaidi. Alisema mambo matatu lazima yakutane: namna mazingira yanavyomtaka kocha awe, namna wachezaji wanavyopenda awe, na namna anavyokuwa kweli. Yakikutana, timu inacheza na watu wanaridhika. Yakipishana, hata kocha mwenye vyeti vya ukutani anaonekana hajui kitu.

Marcio Máximo anafaa kupimwa kwa kipimo hicho. Mbrazili huyo aliifundisha Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, na watu wazima wa leo wanakumbuka jinsi alivyowafanya Watanzania wavae jezi za taifa lao na kujaza uwanja. Aliipeleka timu kwenye fainali za kwanza za CHAN mwaka 2009 nchini Ivory Coast, ambako Stars waliwafunga wenyeji 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa. Pia alikuwa mtu wa msimamo usiopinda. Juma Kaseja, ambaye kwa mashabiki wengi ndiye aliyekuwa golikipa bora nchini, alikaa nje ya kikosi chake kwa muda mrefu, na redio zilipiga kelele, magazeti yakaandika, na mashabiki wakaimba jina la Kaseja jukwaani. Máximo hakutikisika. Alikuwa na Ivo Mapunda, na alikuwa na wakubwa waliomlinda. Kaseja alirudi Stars baada ya Mbrazili huyo kuondoka.

Máximo alirudi nchini mwaka 2014, safari hii kuinoa Yanga. Mtu yuleyule, sauti ileile, nidhamu ileile. Desemba akafungwa 2-0 na Simba katika mechi ya Nani Mtani Jembe, na kazi ikaisha hapohapo. Taifa Stars ilimpa miaka minne. Yanga, pale Jangwani, ilimpa miezi sita. Tabia yake haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kiti.

Naye Kaseja? Maisha ya soka yana mizunguko yake. Mwaka 2025 alikuwa kocha wa Kagera Sugar, timu ambayo watu wa Biharamulo na Ngara huiita ya kwao hata kama Kaitaba iko mbali, Bukoba mjini. Aliipokea katika msimu ambao tayari ulikuwa umewala makocha wawili, Mganda Paul Nkata na Mmarekani Melis Medo, na Wanankurukumbi, kama timu hiyo inavyoitwa, wakashuka daraja mwisho wa msimu huo wa 2024/25. Ni vigumu kusema lolote la haki kuhusu mtindo wa uongozi wa mtu aliyepewa usukani gari likiwa limeshaingia korongoni.

Inafaa kulinganisha na Mecky Maxime. Beki huyu wa zamani wa Mtibwa Sugar na nahodha wa Taifa Stars alifika Kagera Sugar mwaka 2016, na msimu wake wa kwanza timu ikamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Simba na Yanga, mbele ya Azam. Halafu mambo yakaharibika. Msimu wa 2018/19 Kagera Sugar ilikuwa na sura mbili za ajabu: iliwafunga mabingwa Simba nyumbani na ugenini, 2-1 Kaitaba na 1-0 Dar es Salaam, lakini ikalazimika kucheza mechi za mchujo ili isishuke. Klabu nyingi zingemtimua. Kiwanda cha sukari hakikumtimua, na alidumu hadi 2021. Maxime hakuwa na haja ya kupaza sauti kila wiki kuonyesha nani mkubwa, kwa sababu kila mchezaji aliyeingia chumba cha kubadilishia nguo alijua kwamba akigombana na mwalimu, atakayeondoka si mwalimu.

Majirani zao wa Geita wana kisa kifupi chenye mafunzo yake. Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021 ilimleta Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa ameifundisha Taifa Stars na, kabla ya hapo, aliyeifikisha Mbao FC ya Mwanza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017, ambako walifungwa na Simba 2-1 mjini Dodoma. Geita hakukaa hata nusu msimu. Akaja Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga ambaye watu humwita Majeshi, na timu ileile ikamaliza ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, na Geita ikacheza mashindano ya Afrika. Ndayiragije hakuwa amesahau mpira kati ya Mwanza na Geita. Mbao ilikuwa timu ya vijana wasio na majina waliokuwa tayari kufundishwa kila kitu. Geita ilikuwa timu iliyopanda na watu wake, na Minziro alikuwa mtu wao.

Kwa mtu wa Ngara, makocha wa Kirundi si wageni sana. Ukisimama Kabanga, Kobero ya Burundi iko mbele ya macho yako. Kuna mmoja wao ambaye anastahili nafasi kubwa zaidi kuliko anayopewa katika simulizi za Yanga: Cedric Kaze. Alikuwa kocha mkuu Jangwani kuanzia Oktoba 2020, akatimuliwa Machi 2021 baada ya matokeo kudorora, na nafasi yake akapewa Mtunisia Nasreddine Nabi. Miezi michache baadaye Kaze alirudi klabu ileile iliyomfukuza, safari hii kama msaidizi wa mtu aliyerithi kiti chake. Ni wangapi wangekubali? Alikubali, na Yanga ikaenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, hadi Ihefu walipoisimamisha kwa 2-1 Novemba 2022. Mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likaenda Algeria kwa sheria ya bao la ugenini. Sifa zote zilikwenda kwa Nabi, na alizistahili. Lakini chumba cha kubadilishia nguo cha wakati ule kilikuwa na Wakongo, Waganda, Waburkinabe, Wamali na Watanzania, na mtu aliyeweza kumfuata mchezaji kitandani kwake na kumweleza kwa Kiswahili au Kifaransa kwa nini Jumapili hataanza alikuwa Kaze.

Katika makocha wote waliopita ligi yetu miaka hii, hakuna anayewavuruga wanaopenda kuwagawa makocha katika mafungu kama Mwinyi Zahera.

Alikuja Yanga mwaka 2018 akitokea benchi la timu ya taifa ya DR Congo, ambako alikuwa msaidizi wa Florent Ibenge. Aliikuta klabu taabani. Mfadhili Yusuf Manji alikuwa ameachia uenyekiti mwaka uliotangulia, mishahara ilikuwa inachelewa, na wachezaji walikuwa wakigoma waziwazi au kimyakimya. Kocha wa kawaida angeenda kwa waandishi kulalamika kisha angesubiri tiketi ya ndege. Zahera akageuka mchangishaji. Akahimiza wanachama watoe walichonacho, bakuli likatembezwa viwanjani na kwenye matawi, na yeye mwenyewe ikaripotiwa mara kadhaa kuwa ametoa fedha mfukoni ili timu isafiri au ipate chakula. Wapinzani wao wa Msimbazi, Simba, walipata cha kuchekea mwaka mzima. Lakini kwa mchezaji ambaye kodi yake imelala miezi mitatu, kumwona mwalimu anamwombea hadharani lilikuwa jambo ambalo hotuba haiwezi kulifanya. Yanga ile ya kuunga-unga ilimaliza ya pili msimu wa 2018/19 ikiwa na pointi 86, saba nyuma ya Simba yenye fedha za Mohammed Dewji.

Hadi hapo utasema huyu ni baba, kocha wa huruma. Sikiliza upande wa pili. Msimu huohuo golikipa wake namba moja, Beno Kakolanya, aligoma akidai stahiki zake. Madai yenyewe yalikuwa yaleyale ambayo Zahera alikuwa anayapigania. Kakolanya alipotaka kurudi, Zahera akamfungia mlango na kusema hadharani kwamba yeye akiwa kocha, mtu huyo hachezi. Viongozi wakaomba, mashabiki wakaomba, haikusaidia. Januari 2019 akamvua Kelvin Yondani unahodha, beki mkongwe mwenye heshima kubwa Jangwani, na kitambaa akampa Ibrahim Ajibu.

Mtu mmoja, msimu mmoja: analia na wachezaji juu ya mishahara, halafu anamwadhibu aliyegoma kwa ajili ya mishahara. Ukimpima kwa jedwali la mkali na mpole, utachanganyikiwa. Ukimpima kwa benchi, anaeleweka vizuri. Kakolanya alipoondoka, langoni walikuwapo Mkongo Klaus Kindoki na kijana Ramadhani Kabwili. Hawakuwa Kakolanya, na mabao kadhaa yalionyesha hivyo, lakini walikuwa makipa. Fedha Zahera hakuwa nazo, kwa hiyo kwenye fedha alibembeleza. Makipa alikuwa nao, kwa hiyo kwenye makipa aliamuru. (Mwisho wa msimu Kakolanya na Ajibu wote wawili wakasaini Simba, jambo ambalo watani walilifurahia kuliko ubingwa wenyewe.)

Mwenyewe alitimuliwa Novemba 2019.

Kuna aina nyingine ya kocha ambayo soka la Tanzania limeizalisha kwa wingi, nayo ni mtu wa kuitwa usiku nyumba ikiungua. Juma Mgunda ndiye kielelezo chake. Septemba 2022 Simba ilibaki bila kocha mkuu msimu ukiwa mchanga, baada ya Zoran Maki kuondoka, na mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa mlangoni. Wakamchukua Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga, mtu mcheshi, mpole wa maneno, ambaye mashabiki hawakukawia kumbatiza Guardiola Mnene. Akaifunga Nyasa Big Bullets ya Malawi 2-0 ugenini na 2-0 nyumbani. Akaenda Luanda, akaifunga Primeiro de Agosto ya Angola 3-1, akairudia 1-0 Dar es Salaam. Simba ikaingia hatua ya makundi. Januari 2023 akaletwa Mbrazili Robertinho, na Mgunda akasogea pembeni. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka, aliyepigiwa simu ni nani? Mgunda.

Hemed Suleiman anamfuata kwa karibu. Mzanzibari huyu aliifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji mwaka 2017 nchini Kenya, akiifunga Tanzania Bara 2-1 njiani, na akapoteza kwa wenyeji kwa penalti tu. Januari 2024 alikuwa msaidizi wa Adel Amrouche katika AFCON ya Ivory Coast. Amrouche, Mualgeria mwenye ulimi usio na breki, alizungumza mambo kuhusu Morocco na nguvu zake katika soka la Afrika, CAF wakamfungia mechi nane, na timu akakabidhiwa msaidizi wake. Jina la utani la msaidizi huyo, kama kila shabiki ajuavyo, ni Morocco. Mtu huwezi kutunga kitu kama hicho. Hemed Morocco akiwa na Mgunda pembeni yake alitoka sare ya 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo, na baadaye akaivusha Tanzania kwenda AFCON nyingine kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, Novemba 2024. Kisha, fainali zenyewe zilipokaribia mwishoni mwa 2025, kiti kikapewa Muargentina Miguel Gamondi.

Makocha wa namna hii husifiwa kwa upole na unyenyekevu wao, na sifa hiyo ina unafiki ndani yake. Mtu ambaye anajua kuwa yuko kwa muda, ambaye wachezaji wanajua kuwa yuko kwa muda, ana njia gani zaidi ya kuzungumza na watu vizuri? Hana mamlaka ya kumsajili mtu wala kumuuza. Wanachofanya Mgunda na Hemed kinafanana sana na anachofanya kocha wa Runazi, isipokuwa wao wanakifanya mbele ya mashabiki elfu sitini. Na kinafanya kazi mara nyingi mno kwa waajiri wao kuendelea kukiona kuwa cha dharura.

Mambo hubadilika tunapofika kwa watoto, na huko ndiko kwenye sehemu kubwa ya ukocha wa Biharamulo na Ngara. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, kisha taifa, kama yalivyofanyika Tabora mwaka 2022. Mwalimu wa michezo wa Runazi ana wiki chache tu za kuchagua na kuandaa. Hofu ya kufungwa mbele ya mwalimu mkuu inamfanya apige kelele dakika zote sitini. "Wewe namba saba, huoni?" Mtoto anaona vizuri sana, asichokijua ni afanye nini.

Mwaka 1974 na 1975 wanasaikolojia Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa pembeni ya mazoezi ya John Wooden, kocha wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA aliyechukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara kumi katika miaka 12. Waliandika kila alichokifanya, matendo 2,326. Nusu yake yalikuwa maelekezo tu: shika hivi, simama pale, rudia. Sifa tupu zilikuwa karibu asilimia 7, na karipio nalo lilikuwa kidogo. Wakati huohuo Ronald Smith na Frank Smoll, wakifuatilia makocha wa besiboli ya watoto jimboni Washington, waliona kwamba mtoto anayenufaika zaidi na kocha anayetia moyo na kuelekeza ni yule asiyejiamini. Yule mwenye kipaji na kifua mbele atavumilia kelele. Yule mwingine ataacha kuja.

Afrika Mashariki ina mfano wake hai Iten, Kenya. Brother Colm O'Connell alifika pale kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alitazama, akauliza, akasikiliza, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012 na kuweka rekodi ya dunia. Wanaotembelea mazoezi yake huona mzee mwenye kofia anayesema kwa sauti ya kawaida. Kwetu, Bakari Shime aliwapeleka wasichana wa Serengeti Girls Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Walipigwa 4-0 na Japani mechi ya kwanza, na siku tatu baadaye wasichana haohao wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada na kuingia robo fainali. Timu iliyotukanwa baada ya mechi ya Japani isingeifunga Ufaransa.

Hapo ndipo kocha wa kata ana nafuu ambayo wa Taifa Stars hana. Mtoto wa shule ya msingi hana wakala wala klabu nyingine inayomwita, na mwalimu anaweza kukaa naye miaka mitatu. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakai: anahamishwa kituo cha kazi, mtu mwingine anaanza na filimbi mpya na majina asiyoyajua, na ule mpira mmoja unabaki umefungiwa ofisini kwa sababu haijulikani ni wa shule au ni wa mwalimu aliyeondoka.

Vyama vya soka vya wilaya na idara za elimu za Biharamulo na Ngara vinaweza kuandaa semina za siku mbili kuhusu nidhamu ya wachezaji. Si vibaya. Lakini wakitaka kumwongezea kocha wa Runazi uwezo wa kuongoza, wampe kwanza mipira mitano, wamwache kituo kimoja kwa misimu mitatu, na wamsaidie kupata golikipa wa pili. Baada ya hapo wanaweza kumuuliza kwa nini hakuwa mkali.